Kengele inayojigonga yenyewe: Jinsi ya kuweka vichocheo vya kazi, na yale ambayo ukame wa Kaskazini Mashariki umefunza

TAHADHARI ya ukame haikukosekana mwaka 2010. Mashirika yanayofuatilia hali ya chakula katika Pembe ya Afrika yalianza kuonya tangu Agosti kwamba mvua ya deyr, ile inayotarajiwa kati ya Oktoba na Desemba, ingekuwa haba. Mvua hiyo ikakosa kunyesha inavyostahili, na ile ya gu iliyofuata mwaka 2011 nayo ikafanya vivyo hivyo.

Hata hivyo, msaada mkubwa haukuanza kutiririka hadi Julai 2011, Umoja wa Mataifa ulipotangaza baa la njaa kusini mwa Somalia. Wakati huo wakimbizi walikuwa wakiwasili kwa maelfu katika kambi za Dadaab, kaunti ya Garissa, na wafugaji wengi wa Garissa, Wajir na Mandera walikuwa wamekwisha kupoteza mifugo yao.

Waliochunguza sababu za kuchelewa huko walikubaliana juu ya jambo moja. Habari zilikuwepo mezani, lakini hapakuwa na kitu cha kuunganisha habari na hatua. Kila ripoti ilingoja mkutano, kila mkutano uliomba ripoti nyingine, na kila afisa alisubiri mwenzake atangulie. Mbuzi hawangoji kikao kiahirishwe.

Dawa iliyopendekezwa ni ile ile inayotumika leo katika programu za kompyuta za kusimamia kazi za ofisi: kichocheo. Huu ni mpango unaowekwa mapema, wakati vichwa vimetulia, unaosema kwamba jambo fulani likitokea, hatua fulani itafuata pasipo kungoja amri mpya. Makala haya yanaeleza kichocheo ni nini, jinsi kinavyotumika kukabiliana na ukame Kaskazini Mashariki, pale kinapokosea, na jinsi ofisi ndogo inavyoweza kujiwekea vichocheo vyake.

Kichocheo ni nini?

Mfano wa karibu ni mtego wa panya. Mtegaji hakeshi akimlinda panya. Anatega, anaweka chambo na kwenda kulala. Panya akigusa chambo, mtego unafyatuka wenyewe. Uamuzi wa kumnasa ulifanywa jioni, si usiku wa manane.

Kila kichocheo, kiwe cha ukame au cha ofisi, kina sehemu tatu.

Ya kwanza ni tukio, yaani jambo linaloamsha kanuni: tarehe imefika, ripoti imeingia, kadi ya kazi imehamishwa au kipimo kipya kimechapishwa.

Ya pili ni sharti. Tukio likishatokea, mtambo huuliza iwapo linatimiza kiwango kilichowekwa. Si kila kipimo kinachochapishwa kinaashiria hatari, na sharti ndilo linalotenganisha cha kawaida na kisicho cha kawaida.

Ya tatu ni tendo, yaani kinachofanyika sharti likitimia: fedha zinatumwa, arifa inapelekwa kwa afisa, kazi inapewa mwenyewe au tarehe ya mwisho inawekwa.

Kanuni nzima huweza kuandikwa kwa sentensi moja yenye maneno "wakati", "ikiwa" na "basi". Asiyeweza kuandika kanuni yake kwa sentensi kama hiyo, kwa Kiswahili cha kawaida, hajawa tayari kuiweka katika kompyuta.

Kipimo kutoka angani

Kichocheo hakiwezi kuwa bora kuliko kipimo kinachokilisha. Katika kaunti kame, kipimo kinachotumika sana hutoka kwenye setilaiti.

Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, maarufu kama NDMA, iliundwa mwaka 2011 na baadaye ikapewa sheria yake mwaka 2016. Mamlaka hiyo hufuatilia kaunti 23 zilizo kame au zinazoelekea kuwa kame, na hutoa taarifa kila mwezi. Baadhi ya vipimo vyake hukusanywa vijijini: bei ya mbuzi ikilinganishwa na bei ya mahindi, umbali wa kwenda kuteka maji, maziwa yanayokamuliwa, na mzingo wa mkono wa mtoto aliye chini ya miaka mitano.

Kipimo cha setilaiti ni kielezo cha hali ya mimea. Vyombo vilivyo angani hupima mwanga unaoakisiwa na ardhi. Jani bichi humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga usioonekana kwa macho, ilhali ardhi tupu haifanyi hivyo. Tofauti baina ya mianga hiyo miwili hutoa namba inayoonyesha kiasi cha ukijani. Kwa miaka mingi data ya Kenya ilitokana na chombo kiitwacho MODIS, kilichobebwa na setilaiti iliyorushwa na Marekani mwaka 1999, na Chuo Kikuu cha BOKU jijini Vienna, Austria, kikaichakata kwa niaba ya NDMA.

Namba ya ukijani peke yake haitoshi. Eneo la Ijara, lililo karibu na msitu wa Boni, huwa na mvua na majani mengi kuliko Balambala au Lagdera. Kama kiwango kimoja kingetumika kote, Lagdera ingeonekana kuwa katika ukame kila mwaka na Ijara isingeonekana hata mara moja. Kwa hiyo kila eneo hulinganishwa na historia yake lenyewe, katika majira yale yale ya mwaka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme katika kumbukumbu zote za eneo fulani, ukijani wa mwezi husika haujawahi kushuka chini ya 0.15 wala kupita 0.55. Mwezi huu umepimwa 0.21. Tunatoa kiwango cha chini kabisa kwenye kipimo cha sasa na kupata 0.06. Tunagawanya kwa tofauti ya juu na chini, ambayo ni 0.40, kisha tunazidisha kwa 100. Jibu ni 15.

Kielezo hicho husomwa hivi:

- 50 na zaidi: kuna mimea mingi kuliko kawaida
- 35 hadi 50: hali ya kawaida
- 20 hadi 35: ukame wa wastani
- 10 hadi 20: ukame mkali
- chini ya 10: ukame uliokithiri

Eneo letu la mfano, lenye 15, limo katika ukame mkali. Kwa kuwa mawingu au wiki moja ya jua kali huweza kupotosha picha, uamuzi wa kutoa fedha hutegemea wastani wa miezi mitatu, si kipimo cha siku moja. Hilo ni somo kwa yeyote anayeweka kichocheo: kipimo kinachorukaruka kitaamsha kanuni ovyo, nacho kinachotulizwa kupita kiasi kitachelewa kuamka.

Fedha zinazotumwa kanuni ikitimia

Mpango wa Kukinga Njaa, unaojulikana kwa kifupi cha HSNP, ulianza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa ufadhili wa Uingereza. Katika awamu ya pili, iliyoanza mwaka 2013, ulihudumia takriban familia 100,000 maskini zaidi katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Familia hizo zililipwa kila baada ya miezi miwili kupitia akaunti za benki. Baadaye mpango ulipanuliwa hadi kaunti nyingine, Garissa ikiwemo.

Kilichoutofautisha mpango huo na misaada mingine ni maandalizi yaliyofanywa kabla ya shida. Katika kaunti zile nne za mwanzo, zaidi ya familia 370,000 ziliandikishwa, zikapangwa kwa kadiri ya umaskini wake, na jitihada zikafanywa kuzifungulia akaunti za benki hata zile ambazo hazikuwa zikilipwa chochote. Akaunti hizo zilikuwa mtego uliokwisha kutegwa.

Kanuni ikawa hivi. Wakati kipimo cha mwezi kinapotoka, ikiwa kielezo cha miezi mitatu cha kaunti ndogo kimeshuka chini ya 20, basi familia za ziada katika kaunti ndogo hiyo hulipwa fedha za dharura mwezi huo, kwa kufuata orodha iliyokwisha kupangwa. Kikishuka chini ya 10, idadi ya familia huongezwa zaidi. Kielezo kikipanda, malipo ya ziada hukoma.

Malipo ya kwanza ya aina hiyo yalifanywa mwaka 2015. Hapakuhitajika kuhesabu watu upya, kukodi malori wala kujadili nani anastahili. Maswali hayo yote yalikuwa yamejibiwa mapema.

Msomaji atambue pia kwamba kanuni hii ina mlango wa kutokea. Haisemi tu lini malipo yaanze, bali pia lini yakome. Kichocheo chochote kisicho na kanuni ya kukizima hugeuka mzigo.

Bima inayolipa bila kukagua mzoga

Mfano wa pili ni bima ya mifugo. Bima ya kawaida humtaka mwenye hasara aonyeshe alichopoteza. Lakini ni mkaguzi yupi atakayezunguka nyika ya Wajir akihesabu mizoga ya ng'ombe waliokufa siku kumi kutoka barabarani? Gharama yake ingemeza fidia yote.

Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo yenye makao yake Nairobi, ikishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani na wengineo, ilibuni bima isiyohitaji ukaguzi. Ilizinduliwa Marsabit Januari 2010, na malipo ya kwanza yakatolewa Oktoba 2011. Kinachopimwa ni malisho kupitia setilaiti. Malisho yakipungua chini ya kiwango kilichoandikwa katika mkataba, kila aliyekata bima katika eneo hilo hulipwa, awe amepoteza ng'ombe mmoja au kumi.

Wajir bima hiyo iliingia mwaka 2013 kupitia kampuni ya Takaful Insurance of Africa, kwa utaratibu unaoafikiana na sheria ya Kiislamu. Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa katika eneo ambalo karibu wakazi wote ni Waislamu na wengi wao hukwepa bima ya kawaida kwa kuhofia riba na kamari. Wajir walianza kulipwa mwaka 2014.

Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wake wa bima ya mifugo, ikianzia Turkana na Wajir, ambapo ililipia ada kwa ajili ya familia zilizochaguliwa, kila moja kwa mifugo yenye thamani ya ng'ombe watano. Mpango huo ulienea hadi kaunti nyingine kame. Katika ukame wa mwaka 2017, wafugaji wapatao 12,000 waligawiwa zaidi ya Sh200 milioni.

Kadiri miaka ilivyopita, kanuni ya bima ilibadilishwa kwa njia muhimu. Mwanzoni fidia ilikadiriwa kulingana na mifugo inayodhaniwa kuwa imekufa, hivyo fedha zikafika baada ya msiba. Baadaye malipo yalisogezwa mbele, yatolewe malisho yanapoanza kupungua, ili mfugaji anunue nyasi, maji na dawa angali na mnyama wa kuokoa. Kwa maneno mengine, swali lilibadilika kutoka "hasara imekuwa kiasi gani?" hadi "ni lini bado tunaweza kuizuia?" Anayeweka kichocheo chochote hana budi kujiuliza swali hilo la pili kwanza.

Pale kanuni inapokosea

Itakuwa makosa kudhani kwamba mtambo haukosei. Kaskazini Mashariki imeonyesha angalau kasoro nne.

Kwanza, kipimo si kile kile unachokitaka. Setilaiti hupima ukijani, haipimi lishe. Kandokando ya mto Tana na katika sehemu nyingi za Garissa kumeenea mathenge, mti wa miiba ulioletwa kutoka Marekani ya Kusini na kupandwa ili kuzuia kuenea kwa jangwa. Mathenge hubaki na majani mabichi hata kiangazi, na huziba nafasi ya nyasi. Kutoka angani pote huonekana kijani. Mfugaji aliye chini anaona miiba.

Pili, wastani huficha. Kaunti ndogo ni pana. Mvua inaweza kunyesha upande mmoja, upande wa pili ukabaki mkavu, na wastani ukasema hali ni ya kawaida. Asiyelipwa katika hali hiyo hana wa kumlaumu ila hesabu, na hesabu haina ofisi ya kupelekea malalamiko.

Tatu, kanuni huona kile tu ilichoambiwa ikitazame. Mwishoni mwa mwaka 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya kupitia kaunti za kaskazini mashariki, msimu ambao mvua ilikuwa imenyesha kwa wingi. Mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa tangu mwaka 2020, mvua za El Nino zilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Garissa kwenda Nairobi na kusomba mifugo iliyonusurika ukame. Kichocheo kinachotazama majani hakiwezi kulia kwa sababu ya maji. Kila hatari yahitaji kengele yake.

Nne, kanuni haina mfuko. Kichocheo kinaweza kulia kwa wakati unaofaa, lakini kama fedha hazijatengwa, kelele zake hazitofautiani na zile za mwaka 2010. Kinachofanya kanuni iwe ahadi ni fedha zilizowekwa kando kabla ya siku ya kuhitajika.

Ndiyo maana vipimo vya setilaiti haviachwi peke yake. Taarifa za kila mwezi za NDMA huvilinganisha na yale yanayoonekana vijijini. Mtambo huamsha, mtu huhakiki. Ugumu ni kupanga uhakiki huo usiwe tena ule mkutano usiokwisha.

Jinsi ya kuweka vichocheo ofisini

Mantiki hiyo hiyo inapatikana leo kwa mtu yeyote mwenye simu au kompyuta. Programu za kusimamia kazi kama Trello, iliyozinduliwa mwaka 2011, na Asana zina sehemu ya kuweka kanuni. Power Automate ya Microsoft na Zapier huunganisha programu moja na nyingine. Majina ya vitufe hutofautiana, lakini zote hufuata mpangilio wa tukio, sharti na tendo.

Tuseme kuna ofisi ndogo ya maji inayosimamia visima 30 katika kaunti ndogo moja. Wakati wa jilaal, kile kiangazi cha Januari hadi Machi, pampu ikiharibika kwa siku tatu ngamia huhamishwa, ng'ombe huanza kuanguka na akina mama huongeza kilomita kadhaa za kutafuta maji. Ofisi inatumia ubao wenye safu nne: Ripoti Mpya, Fundi Ametumwa, Inangoja Vipuri na Imetengenezwa. Kila kisima kilichoharibika kina kadi yake. Hatua ni hizi:

1. Andika kanuni kwenye karatasi kwanza. Kwa mfano: "Wakati kadi inapoingia safu ya Ripoti Mpya, ikiwa ina lebo ya kisima kikuu, basi mpe fundi wa zamu, weka tarehe ya mwisho ya siku mbili, na umtumie arifa."

2. Chagua tukio moja lililo wazi. Kuingia kwa kadi katika safu kunafaa, kwa sababu hakubishaniwi. "Hali ikiwa mbaya" si tukio. Kompyuta haijui ubaya.

3. Weka sharti linalopimika. Tumia namba, lebo, jina au tarehe. Visima visivyo vikuu vipewe kanuni nyingine yenye muda mrefu zaidi, la sivyo kila kitu kitakuwa cha dharura na hakuna kitakachoshughulikiwa kama dharura.

4. Chagua tendo lenye mwenyewe. Arifa inayotumwa kwa watu kumi ni arifa isiyo ya mtu. Kazi ipewe jina moja, na jina la pili liwe la akiba.

5. Weka kanuni ya kupandisha. "Tarehe ya mwisho ikipita na kadi haijafika Imetengenezwa, basi weka lebo nyekundu na umwarifu msimamizi." Hapa ndipo ucheleweshaji unapoonekana bila mtu kumchongea mwenzake.

6. Weka kanuni ya ukimya. Hii husahaulika mara nyingi. Katika maeneo ambako mtandao hukatika, na ambako minara ya simu imewahi kulipuliwa na magaidi, kukosekana kwa ripoti si dalili ya usalama. "Ikifika tarehe 5 ya mwezi na kisima hakijaleta ripoti, basi fungua kadi ya kukipigia simu au kukitembelea." Eneo lililonyamaza linaweza kuwa ndilo lenye shida kubwa kuliko yote.

7. Weka kanuni ya kufunga. Kadi ikifika Imetengenezwa, tarehe ya mwisho iondolewe na arifa zikome.

8. Jaribu kwa kadi bandia. Fungua kadi ya kisima kisichokuwepo, ipitishe katika safu zote, na uangalie kila tendo. Kisha rudisha nyuma kumbukumbu za mwaka uliopita: je, kanuni hii ingelia mara ngapi, na mara ngapi ingelia bure?

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni mzunguko usiokwisha. Kanuni moja inahamisha kadi, uhamisho huo unaamsha kanuni ya pili, nayo inairudisha kadi pale ilipotoka. Programu nyingi huweka kikomo cha idadi ya vitendo kwa mwezi, hasa katika akaunti zisizolipiwa, na mzunguko wa namna hiyo unaweza kumaliza kiasi chote kwa muda mfupi.

Kosa la pili ni arifa nyingi. Simu inayolia mara 40 kwa siku hatimaye huzimwa sauti, na arifa ya 41 ndiyo iliyokuwa ya maana. Ni afadhali kanuni tatu zinazoheshimiwa kuliko thelathini zinazopuuzwa.

Kosa la tatu ni kanuni isiyo na mlezi. Aliyeiweka anahamishwa kituo, akaunti yake inafungwa, na kanuni inakufa kimya kimya. Kila kanuni iandikwe katika daftari la ofisi: inafanya nini, nani aliiweka, na itapitiwa lini. Mwanzo wa kila msimu wa mvua ni wakati mzuri wa kuzipitia.

Kosa la nne ni kuikabidhi kompyuta uamuzi unaohitaji utu. Kanuni inaweza kufungua kadi, kukumbusha na kupandisha. Haifai kumfukuza mtu kazini wala kuifuta familia kwenye orodha ya msaada bila binadamu kuangalia. Na panapotumika kanuni kugawa haki za watu, lazima pawe na mahali pa kukata rufaa.

Istilahi kwa ufupi

Kichocheo: kanuni iliyowekwa mapema inayounganisha tukio na hatua.

Kiwango: namba ambayo ikivukwa, kanuni huamka.

Kielezo: namba moja inayowakilisha hali pana, kama vile hali ya malisho.

Pengo la kielezo: tofauti baina ya kile namba inachosema na kile kilichompata mtu.

Kupandisha: kupeleka jambo kwa mwenye mamlaka zaidi baada ya muda kupita.

Nani mwenye mkono?

Wapo wanaohofia kwamba mitambo hii inaondoa mamlaka mikononi mwa wazee, machifu na maafisa. Hofu hiyo ina msingi, kwani anayeweka kiwango ndiye anayeamua nani apate na nani akose, hata kama siku ya malipo hayupo. Kiwango cha 20 badala ya 25 ni uamuzi wa kisiasa uliovikwa joho la hesabu. Wananchi wana haki ya kujua kiwango ni kipi, kiliwekwa na nani na kwa sababu gani, na taarifa hizo zinapaswa kusomwa katika mabaraza kwa lugha inayoeleweka.

Lakini mamlaka ya kungoja nayo yana gharama. Mwaka 2011 hakuna aliyeamua kwamba mifugo ife. Watu waliahirisha tu. Kanuni iliyoandikwa mapema haiondoi jukumu la binadamu, bali hulirudisha nyuma hadi siku ambayo bado kuna nyasi, ambapo mtu anaweza kuamua bila woga na bila haraka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kichocheo hakizibi ufa, ila humwamsha fundi ungali mdogo.